Hakuna Mahali pa Tatu

"Sikuuzii."

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, na wengine wenu mmenitumia ujumbe wenye matusi ya ufundi wa hali ya juu. Msomaji mmoja wa Parklands ameuliza mimi hulala vipi usiku. Nalala vizuri, asante. Ubavu wa kushoto.

Haya, kwa wewe uliyefungia nyama gazeti la wiki jana, shika hapa. Wamucii Kibe, miaka thelathini na minne, anaishi na mamake kwenye nusu ekari huko Kitisuru, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba. Anko Kuria, ndugu mdogo wa marehemu, anaitaka hiyo nusu ekari apandishe fleti. Mwezi wa tatu wanaume walikuja wakakata ua. Mama alitoka mbio kuangalia, akaanguka, mkono wa kulia ukavunjika. Wamucii hakulia. Aliomba kibali cha silaha.

Miezi minane. Alama za vidole, barua ya daktari, mafunzo ya shabaha, maswali juu ya maswali. Kibali kikatoka. Kesi ya shamba, iliyo kwa jina la mama, itasikizwa Jumatano ya wiki ijayo. Barua za kesi huingia kwenye sanduku la posta la familia, na ufunguo wa sanduku anao, nadhani umeshakisia, Anko Kuria. Naye ameapa kwamba Jumatano hiyo ikifika, hao wanawake wawili watakuwa wanalala kwingine.

Basi Jumatatu asubuhi Wamucii akapanda ngazi za duka la silaha, juu ya duka la vitambaa, si mbali na River Road. Akaweka kibali kwenye kaunta. Akaonyesha kwa kidole bastola kubwa kuliko zote. Na Mzee Inderjit, aliyerithi duka kwa babake aliyelirithi kwa babake, akakisukuma kibali kikarudi.

"Sikuuzii," alirudia, kana kwamba kaunta haikusikia mara ya kwanza.

"Ni kwa sababu mimi ni mwanamke?"

"Mama yangu alikuwa na bastola mbili. Ni kwa sababu nimekuuliza unaitaka ya nini, ukasema ya kuwatisha."

"Sasa, nitawapikia chai?"

"Binti, bastola ya kutisha hunyang'anywa. Halafu anayetisha anakuwa yule mwingine."

Selpher Ajwang akaangua kicheko. Selpher ni rafiki wa Wamucii tangu kidato cha kwanza, muuguzi, mwenye pikipiki nyekundu anayoiendesha mwenyewe na mdomo usio na breki.

"Mzee, huyu hutisha watu bila silaha. Muulize mwalimu wetu wa hesabu. Alihamia Lodwar."

"Selpher, nyamaza."

"Unaona? Mimi mwenyewe nimetishika."

Mzee Inderjit hakucheka, lakini ndevu zilisogea kidogo. Akavuta kitabu, akavaa miwani.

"Tuanze upya. Nyumbani mko wangapi?"

"Mimi na mama."

"Watoto huja?"

"Wa binamu. Jumapili."

"Unaamka haraka?"

"Huyu?" Selpher alidakia. "Huyu utammwagia maji."

"Ukikasirika, kitu cha kwanza unafanya ni nini?"

Wamucii alifikiri. "Navunja kikombe."

"Cha nani?"

"Chochote kilicho karibu."

Mzee aliandika. Alichukua muda kuandika. Wamucii akaanza kuona kwamba kununua bastola kwa huyu mzee ni kama kuposa kwake.

Hatimaye akaitoa ile kubwa kwenye kabati. Akaifungua, akatazama ndani, akaingiza kidole, akamgeuzia Wamucii naye atazame na aingize kidole. Tupu. Akairudia kuikagua mara ya pili.

"Umeshaangalia," Wamucii alisema.

"Kila mtu aliyejipiga risasi alikuwa ameshaangalia. Shika."

Alishika. Ilimjaa mkononi kama mkate mzima. Ncha ya kidole chake iliifikia triga kwa kuomba ruhusa.

"Ni nzito, hilo ni zuri, nzito haipigi teke sana. Lakini mkono wako hauizunguki. Ukiipiga, itageuka. Weka chini."

"Basi hii!" Selpher alikuwa ameona moja ndogo, ya kupendeza, kama ya kuwekwa kwenye keki. "Wamu, hii inaingia kwa mkoba wa kanisa."

"Ndogo na nyepesi hupiga teke kama punda wa Limuru," alisema Mzee. "Watu huipendea udogo. Wanaenda uwanjani, wanapiga risasi kumi, kiganja kinawaka, hawarudi tena. Bastola usiyoifanyia mazoezi ni jiwe, na jiwe halihitaji kibali."

"Rivolva?" Wamucii aliuliza.

"Ni rahisi, haina mengi ya kusahau. Lakini triga yake nzito na risasi ni tano au sita. Vuta."

Wamucii alivuta triga ya rivolva tupu kuelekea mfuko wa mchanga uliokuwa kwenye pembe. Mdomo wa bastola ukacheza kushoto. Akavuta tena. Ukacheza tena.

"Kwenye kishindo, ungepiga dirisha la jirani," alisema Mzee. "Jirani ni mtu mzuri?"

"Anafuga batabukini."

"Basi ungepiga bata. Jaribu hii."

Ilikuwa ya wastani, nyeusi, ya magazini ya risasi inayoingia mpinini, haina urembo wowote. Mzee akamwambia avute nyuma chuma cha juu. Wamucii akakibana kwa ncha za vidole, akavuta, kikafika nusu kikamkatalia.

"Usikifinye kama kunguni. Kishike kwa kiganja kizima. Sasa mkono ulioshika mpini ndio usukume mbele. Sukuma."

Kla!

Selpher alipiga makofi. Mpini ulikuwa umekaa kwenye kiganja cha Wamucii kana kwamba waliwahi kujuana. Kidole kililala kwenye triga mahali pake.

"Hii," alisema.

"Pengine. Hatujamaliza."

Akainama chini ya kaunta, akaibuka na bastola nyingine. Umbo lilelile, ukubwa uleule. Lakini ilikuwa ya mti, imelainishwa na mikono ya watu wengi, na ndani yake imemiminiwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili ilingane uzito na ya kweli ikiwa imejaa.

"Babu yangu aliichonga. Kila anayenunua ya kwanza hapa huibeba siku saba. Si sheria, sheria imeshamalizana na wewe. Hili ni sharti la duka. Unalala, unapika, unaenda kazini, unaenda kwa wakwe. Nayo. Kanuni ni moja tu: silaha iko mwilini mwako, au iko ndani ya sefu. Hakuna mahali pa tatu."

"Na mkoba?"

"Mkoba ukiwa begani ni mwili. Ukitoka begani ni mahali pa tatu."

"Mzee, sina siku saba! Hawa watu—"

"Jumatatu ijayo. Ukirudi nayo, nakuandikia hiyo nyeusi. Mtu asiyeweza kutunza mti, nitampaje chuma?"

Alitamani kuvunja kikombe. Hapakuwa na kikombe. Akachukua mti.

Sasa nikuulize wewe, jasiri wa kitandani: umewahi kubeba kitu cha karibu kilo nzima kiunoni siku nzima? Jumanne kilimchubua nyonga. Jumatano aligundua kwamba kumbe yeye hukumbatia watu wengi sana. Alhamisi, msalani ofisini, kilitumbukia karibu na pale unapopafikiria. Ijumaa alisahau kwamba amekibeba, na alipokumbuka moyo ukamruka, kwa sababu ilikuwa jikoni kwa jirani wa batabukini na alikuwa ameinama kuchukua yai.

Lakini kila jioni aliweza kusema: kiko hapa. Mwilini au kwenye sefu.

Ikaja Jumamosi, siku ya tano.

Jumamosi hiyo ilikuwa ruracio, sherehe ya mahari, ya Anita, binti wa Anko Kuria, kule kwao Lower Kabete.

"Siendi," alisema Wamucii.

"Unaenda," alisema mamake, Mwalimu Debra, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja na hajawahi kurudia sentensi. "Anita hajatukosea. Na tusipoonekana, watasema tumejitenga, halafu wataenda mahakamani waseme sisi si wa ukoo."

Akavaa. Na hapa ndipo shetani wa kushona nguo alipoingia. Wanawake wote wa upande wa bibi harusi walikuwa wameshonewa kitenge kimoja cha zambarau, kimebana kiunoni hivi kwamba huwezi kuficha hata kibiriti. Pamoja na nguo, mkoba wa kitenge hichohicho, umechapwa River Road kwa herufi za dhahabu: *Ruracio ya Anita*. Mikoba ishirini na miwili, yote mapacha.

Mti ukaingia mkobani. Mkoba ukakaa begani. Mpaka mlangoni.

Mlangoni alisimama Anti Janice, mkewe Kuria, amenyoosha mikono.

"Leteni mikoba, wasichana, iende kitandani kwangu. Wageni wako getini. Nani atabeba sufuria na mkoba begani?"

"Nitakaa nao tu, Anti."

Shangazi wawili wakageuka.

"Kwani unaogopa tutakuibia, Wamucii? Nyumbani kwa baba yako mdogo?"

Nyuma yake Mwalimu Debra alikohoa. Kikohozi kile cha darasa la nne.

Wewe ungefanya nini? Usijibu, nakujua. Ungetoa. Hakuna mwanamke wa ukoo anayepakua mukimo mbele ya wakwe na mkoba umening'inia, wangesema amekuja kuchota nyama. Wamucii akatoa mkoba. Ukaenda kulala na wenzake ishirini na mmoja kwenye kitanda cha adui.

Mahali pa tatu.

Alipakua, akamimina, akaosha, akaimba. Saa kumi na moja akakimbilia chumbani. Mikoba ilikuwa imebaki sita. Akainua wa kwanza, mwepesi. Wa pili, mwepesi. Wa tatu ukamvuta bega chini, ule uzito anaoujua. Akapumua. Akauvaa. Akaondoka bila kufungua zipu.

Alifungua nyumbani.

Mti haumo! Ndani kulikuwa na Biblia ya Kikuyu, ile nene, yenye nyimbo kwa nyuma, ambayo nawahakikishia ina uzito wa bastola iliyojaa. Kulikuwa na miwani ya Anti Janice. Na karatasi mbili zilizobanwa pamoja kwa pini.

Alisoma ya juu. Akakaa chini. Akaisoma tena.

*Mimi, Debra Kibe, nakubali kwa hiari yangu shamba liuzwe.* Na chini, mahali pa sahihi, dole gumba. Dole gumba la wino wa zambarau!

Alimpigia Selpher.

"Mwalimu wa miaka thelathini na moja! Ana sahihi ndefu kama gari moshi! Wamemwekea dole gumba, Selpher, kama mtu asiyejua kusoma! Hata kughushi hawajui!"

"Yawa! Mwonyeshe Mwalimu."

"Simwonyeshi. Presha itapanda. Nitaionyesha mahakama Jumatano."

Karatasi ya pili hakuigeuza. Hasira haisomi kurasa mbili.

Hajamaliza kukata simu, ikalia nyingine. Anko.

"Wamucii, mtoto wa kaka yangu." Sauti ilikuwa imeshiba. "Janice amebeba mkoba wako kwa makosa. Nimeona bunduki yako."

Wamucii alifunga zipu ya mkoba.

"Ya mti!" Kuria alicheka mpaka akakohoa. "Nimesikia huko nje eti una kibali, nikakosa usingizi wiki nzima. Kumbe unalinda shamba na mwiko wa ugali! Sikiza. Jumanne, saa nne asubuhi, nakuja na mkasi wa kukatia kufuli. Mtanikuta nimefunganya nguvu, nanyi mfunganye nguo. Na mwiko wako nitakurudishia."

"Njoo," alisema Wamucii. "Chai itakuwa tayari."

Akakata. Akatafuta kikombe. Akakishika. Halafu, kwa mara ya kwanza katika hadithi hii, akakirudisha kabatini kizima.

Jumatatu, siku ya saba, alipanda ngazi mikono mitupu. Selpher nyuma yake, kimya. Tia alama kwenye kalenda.

Mzee Inderjit aliuona mkono mtupu kabla ya uso.

"Kiko wapi?"

"Mahali pa tatu."

Alisimulia yote. Kitenge, mlango, kitanda, Biblia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu akafanya jambo ambalo Wamucii hakulitarajia. Alifungua kabati, akatoa ile nyeusi ya wastani, akaikagua mara mbili, akaiweka kwenye kaunta. Kando yake akaweka kitabu na kalamu.

"Kibali ni chako. Sheria inakuruhusu. Wamesema watakuja kesho, na mimi si baba yako wa kukukataza. Ukisema niandike, naandika sasa hivi."

Selpher alimpiga kiwiko. "Wamu! Chukua tukimbie kabla hajabadilisha."

"Lakini nijibu," Mzee aliendelea. "Unaitaka ya nini?"

Wamucii aliishika. Kiganja kilijaa sawasawa. Kesho, saa nne, Anko atasimama getini akicheka, na kicheko chake kingekufa hapohapo. Aliona macho yake yakitoka. Alifurahi. Alifurahi kupita kiasi, na furaha hiyo ndiyo iliyomshtua.

Akafikiria Jumamosi. Lau ingekuwa hii, ingekuwa imelala kitandani kwa Janice, imejaa, katikati ya mikoba, nyumba nzima ina watoto. Na leo ingekuwa kiunoni kwa Kuria.

"Nimeichagua," alisema taratibu. "Ni hii. Si ile kubwa, si ile ya keki. Nataka mama alale. Wakivunja mlango wa chumba chake, basi ndipo niitoe. Hiyo tu."

"Hilo ni jibu. Niandike?"

Akaweka kidole kimoja juu ya kibali, akakivuta kikarudi kwake.

"Sinunui. Siyo leo. Niwekee. Kesho nikiwa nayo nitatishia nayo, najijua. Nipe mti mwingine, nitaanza siku ya kwanza."

"Sina mwingine. Babu alichonga mmoja."

"Basi kesho naurudisha kutoka kwa Anko."

"Umerogwa?" Selpher alipiga kelele. "Utawazuia na nini?"

"Na karatasi."

Mzee Inderjit alifunga kitabu. Naapa, ndevu zilicheka. Akamwambia kwa Kikuyu safi kuliko cha Wamucii mwenyewe: nenda salama.

Jumanne. Saa nne kasoro, lori lilipanda barabara ya Kitisuru likanguruma na kusimama kimshazari, limeziba geti. Wakashuka vijana watatu, mmoja amebeba mkasi mrefu wa chuma. Halafu akashuka Anko Kuria, kofia kichwani, na kwenye mshipi wake, mbele kabisa, amechomeka ule mti.

Kufuli haikuhitaji mkasi. Geti lilikuwa wazi. Wamucii alisimama katikati, amevaa kitenge cha zambarau, mkoba begani. Nyuma yake Selpher alikuwa amekaa juu ya pikipiki, simu juu, anarekodi.

"Karibu, Anko. Umeniletea mti wangu?"

"Shamba halilindwi na sketi, Wamucii."

"Hii ni kitenge. Ulilipia mwenyewe."

Kijana mmoja alicheka, akakumbuka ameajiriwa na nani, akaacha.

"Toka njiani."

"Ngojeni polisi waje kwanza. Selpher ameshawapigia. Na wakija, nina kitu cha kuwasomea." Akatoa karatasi mkobani. "'Mimi, Debra Kibe, nakubali kwa hiari yangu.' Mnaona hapa chini? Dole gumba! Mwalimu aliyefundisha nusu ya Lower Kabete kuandika! Wewe mwenyewe, Anko, nani alikufundisha kuandika K?"

Uso wa Kuria haukubadilika. Hilo lilimsumbua Wamucii. Mwizi aliyekamatwa hubadilika.

"Muulize," alisema Kuria kwa upole. "Ndiye huyo."

Mama alikuwa ametoka barazani. Alitembea mpaka getini, akaichukua karatasi, akaisogeza mbali kidogo na macho.

"Hili dole ni langu," alisema.

Simu ya Selpher ilishuka.

"Mama?"

"Mkono ulikuwa na plasta, ningeshikaje kalamu? Nilitoa dole la kushoto. Alikuja wakati uko kazini. Akaniambia kule kukatwa ua kulikuwa salamu tu, kwamba nikiweka dole, wewe utafika Krismasi ukiwa hai. Nikaona ekari nusu ni nini. Mtoto nimezaa mmoja."

Kwa hiyo binti alikuwa akitafuta bastola ili mama alale, na mama alikuwa ameshauza usingizi wake ili binti aamke. Miezi minane katika nyumba moja, na kila mmoja amefunga lake.

"Sasa mmeelewana," alisema Kuria. "Vijana, toeni vitu."

"Sijamaliza." Mwalimu Debra hakuinua sauti, lakini vijana watatu, ambao hakuwahi kuwafundisha, walisimama. Alimsogelea shemeji yake, akauchomoa ule mti kwenye mshipi wake kama anayempokonya mwanafunzi manati, akaupima mkononi. "Miezi yote nimekuogopa, Kuria. Leo naona unachokuja nacho." Akainua mkono wa kulia, akakunja vidole, akavikunjua. "Umepona. Jumatano nitaenda mahakamani mwenyewe, niwaambie hilo dole lilitokaje, na niandike jina langu lote mbele yao."

Sasa Kuria akatabasamu.

"Jumatano?" alisema. "Kwani hamkusoma karatasi ya pili?"

Wamucii aliinyakua karatasi mkononi mwa mamake. Akang'oa pini. Akageuza.

Ilikuwa barua ya tarehe mpya. Kesi itasikizwa siku moja mapema. *Jumanne, saa tano asubuhi.* Asipofika mlalamikaji, kesi itatupwa.

Jumanne ilikuwa leo. Saa ilikuwa nne na dakika kumi na mbili.

Mkasi, lori, kelele, yote hayakuwa ya kuwatoa. Yalikuwa ya kuwaweka hapo.

"Miaka thelathini na moja," alisema mama, "nimewaambia wanafunzi wageuze karatasi kabla ya kujibu." Kisha akageuka. "Selpher, hiyo pikipiki ina mafuta?"

"Tangi nzima, Mwalimu. Lakini nabeba mmoja tu. Nimeshona wengi mno waliopandana watatu."

"Mmoja anatosha. Kesi ina jina langu." Akautia mti mkononi mwa bintiye. "Chako hiki. Kiweke mwilini."

Kati ya pua ya lori na nguzo ya geti palikuwa na upenyo, si wa gari, wa pikipiki. Kijana mmoja aliuona naye akaruka kuuziba. Wamucii alifika kwanza, akamsukuma kwa bega. Selpher akawasha. Mwalimu wa miaka sitini na tatu akapandisha sketi, akakaa kiume, akamshika Selpher kiuno, na pikipiki nyekundu ikapenya ikikwaruza nguzo, ikateremka ikitifua vumbi.

"Zungusheni lori!" Kuria aliguta. "Wafuateni!"

Lakini dereva, ili aligeuze, alihitaji kuingiza pua ya lori getini. Na kwenye geti, katikati ya njia, alisimama Wamucii.

"Mtapitia juu yangu," alisema.

"Utatuzuia na nini? Na huo mwiko?"

Vijana wawili walicheka. Wa tatu, yule wa mkasi, hakucheka. Aliuinamisha mkasi taratibu mpaka ukagusa changarawe. Akafungua zipu ya jaketi.

Kiunoni palikuwa na bastola. Kubwa, nzito, aina ileile aliyoionyesha Wamucii kwa kidole Jumatatu ya kwanza. Na yake haikuwa ya mti.

Wamucii aliitazama. Akamtazama kijana mwenyewe. Hakurudi nyuma hata nusu hatua.

"Kaka," alimuuliza, "hiyo unaitaka ya nini?"

Mkono wa yule kijana ukaanza kushuka kiunoni. Na hapo tunaachana tena, mpaka wiki ijayo.